Lenzi mbili, safari moja: Kilwa hadi Lindi na mkono usiotulia

Kuna swali ambalo ukilitupa mbele ya vijana wanne wenye kamera hapa mjini, jioni yote imekwisha na soda zimepata joto mezani. Swali lenyewe ni hili: ile lenzi ndogo ya 18-55 inayokuja na kamera, ununue yenye kitulizi cha mtikisiko au isiyo nacho? Mmoja atakwambia bila kitulizi umenunua bati. Mwingine atakwambia kitulizi ni cha wazee wenye mikono inayotetemeka. Wa tatu hajawahi kushika hata moja, lakini ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Mimi sipendi ubishi wa kijiweni. Nina mshikaji wangu mmoja, kijana mwenye asili ya Kivinje, ambaye ana kamera ya Canon ya bei ya chini kama yangu. Tofauti yetu ni lenzi tu. Yangu imeandikwa herufi IS ubavuni, maana yake ina kitulizi. Yake imeandikwa III, haina. Yeye alikuwa amedunduliza vijisenti na alitaka kujua kama auze lenzi yake, aongeze hela, apate kama yangu. Kwake si suala la mapambo. Alikuwa ameshapewa kazi yake ya kwanza ya kulipwa, harusi ya binamu yake kule Lindi, na picha zikiharibika, basi jina limekufa kabla halijazaliwa.

Tukakubaliana: tusibishane, twende kusini. Kilwa, Kivinje, halafu Lindi. Picha zile zile, saa ile ile, kila mtu na lenzi yake. Mwisho wa safari ataamua.

KITULIZI NI MDUDU GANI?

Kabla hatujapanda basi, tuelewane. Umewahi kumwona mama akitoka kisimani na ndoo ya maji kichwani, hajaishika? Miguu inaruka mashimo, kiuno kinakwenda huku na huku, lakini ndoo imetulia. Shingo ndiyo inayofanya kazi. Kila mwili unapoinamia kulia, shingo inarudisha kushoto.

Kitulizi ndicho hicho. Ndani ya lenzi kuna vihisio vidogo vinavyopima mkono wako unayumba upande gani. Kisha vimota vinasukuma kioo kimoja kwenda upande wa pili ili picha isihame. Kila kampuni na jina lake: Canon wanaita IS, Nikon wanaita VR, Tamron VC, Sigma OS, na Sony OSS. Wengine kama Pentax waliamua kukiweka ndani ya kamera yenyewe badala ya kwenye lenzi. Canon walitoa lenzi yao ya kwanza ya aina hii mwaka 1995, ya 75-300, kwa wenye hela zao. Ilipofika mwaka 2007, Canon na Nikon wote wakakiweka kwenye 18-55 ya bei poa, na ndipo ubishi wa kijiweni ulipoanza.

Kanuni ya zamani inasema hivi: ukishika kamera kwa mkono, kasi ya shata isipungue moja chini ya urefu wa lenzi. Kwa kamera zetu hizi zenye sensa ndogo unazidisha kwa 1.6 kama ni Canon, 1.5 kama ni Nikon. Kwa hiyo kwenye 18 unahitaji kama 1/30 ya sekunde, na kwenye 55 unahitaji kama 1/90. Chini ya hapo mkono wako unaandikwa kwenye picha. Kampuni zinasema kitulizi kinakupunguzia hatua nne. Mimi nahesabu tatu, na siku nimekunywa kahawa nyingi nahesabu mbili.

MASOKO, NA BAHARI YENYE JUA

Kutoka Dar hadi Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300. Wazee watakusimulia enzi za kivuko cha Ndundu pale Rufiji, watu wakilala kando ya mto wakisubiri zamu. Tangu mwaka 2003 kuna Daraja la Mkapa, karibu kilomita nzima, unavuka hata hujamaliza karanga zako. Lakini kusini bado ni kusini. Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara eneo la Somanga, na watu wakakwama pande zote mbili. Uliza hali ya barabara kabla hujakata tiketi.

Unashuka Nangurukuru, unaingia kushoto, na baada ya muda unaiona bahari. Masoko ni mji mtulivu. Hapo ndipo unapochukua kibali cha kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, na usijifanye mjanja ukavuka bila hicho.

Kuvuka ni kama kilomita 2 tu. Tulipanda mashua ya tanga, nahodha mzee mmoja mwenye kofia ya kiua iliyopauka. Mshikaji akamwambia, "Shikamoo mzee, tunaomba tukupige picha ukiwa na usukani." Mzee akajibu, "Marahaba. Pigeni, lakini mkianguka majini mimi naokoa abiria, siokoi kamera."

Hapo ndipo jaribio la kwanza. Mashua inayumba, mawimbi yanagonga ubavu, nawe mwenyewe umekaa nusu makalio. Ungedhani kitulizi kitaonyesha ubabe wake. Wapi! Saa nne asubuhi, jua la Kilwa, ISO 200, tundu f/8, kamera ilitaka shata ya 1/800. Kwa kasi hiyo hata ukicheza sindimba picha inatoka imetulia. Tulipolinganisha usiku kwenye kompyuta, picha ya mzee kwa lenzi yangu na kwa lenzi yake hukuweza kusema ipi ni ipi. Kioo cha lenzi hizi mbili ni jamaa wa karibu, uzito wake unapishana gramu chache.

Kwa hiyo liandike hili: kama maisha yako ya picha ni ufukweni mchana, kitulizi unakibeba bure.

NDANI YA MSIKITI MKUU

Kisiwani, bwana wee! Kama hujafika, jitahidi. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331 na akasifu uzuri wa mji. Dhahabu ya Sofala ilipitia hapa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman akaupanua Msikiti Mkuu, akajenga na Husuni Kubwa juu ya genge, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane linalotazama bahari. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida wakaja na mizinga yao, wakaupora. Tangu mwaka 1981 magofu ya hapa na ya Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa humo baada ya kazi kubwa ya ukarabati.

Ndani ya msikiti chini ya makuba, mambo yanabadilika. Nje jua linaumiza macho, ndani kuna kivuli cha ubaridi na nguzo zinazofuatana kama safu ya watu wanaosali. Nilitaka nguzo ya karibu na ya mwisho zote zionekane vizuri, nikabana tundu hadi f/8, lenzi kwenye 18, ISO 400. Kamera ikaniambia 1/8 ya sekunde. Nikashusha pumzi, nikabonyeza mara tatu. Mbili zimetoka kali, unaona mpaka vijitundu vya jiwe la matumbawe.

Mshikaji akafanya vile vile. Mara tano. Zote zimecheza, kama umetazama kwa macho yenye machozi. Akapandisha ISO hadi 1600 apate 1/30. Picha ikatulia, lakini kwenye vivuli zikaingia chenga, ile rangi ya kijivu ikawa kama mchanga umemwagwa.

Nilidhani nimeshinda. Jamaa akavua begi lake, akaliweka chini sakafuni (si juu ya ukuta, msiegemee kuta za watu wa kale), akalaza kamera juu yake, akaweka kujipiga kwa sekunde 2, ISO 100, shata nusu sekunde nzima. Msomaji, ile picha ilikuwa safi kuliko yangu! Haina chenga hata moja. Begi la mgongoni limelishinda kampuni la Japani.

Lakini kuna bei. Yangu ilichukua nusu dakika. Yake ilichukua dakika kumi, kalala kifudifudi kwenye vumbi, huku mwenzetu mwenye kutuongoza akikohoa kikohozi cha "maji yanapwa, nahodha anasubiri." Kitulizi hakikuuzii picha nzuri zaidi, kinakuuzia muda. Ukiwa msafiri unayepita, muda ni mali. Ukiwa mtu wa kutulia, begi linatosha.

KIVINJE, KWA BIBI

Kilwa Kivinje ni mji wa aina yake. Karne ya 19 ulikuwa mlango wa misafara ya pembe na watumwa kutoka bara hadi Nyasa. Bado kuna nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, baadhi zimeota mimea ukutani, na boma la Wajerumani linatazama bahari. Hapa Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 kwa sababu alikataa kutawaliwa, na jina la Mwembe Kinyonga mpaka leo linawakumbusha watu.

Lakini sisi tulikwenda kwa jambo dogo na kubwa zaidi. Bibi yake mshikaji ni mtu mzima sana. Picha pekee ya uso wake ambayo familia inayo ni ile ya kitambulisho, amekodoa macho kama kafumaniwa. Wajukuu walio Dar walichanga hela: apigwe picha moja nzuri, isafishwe kubwa, itundikwe.

"Hodi!"

"Karibuni. Nani huyo? Aa, mume wangu kaja!"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Na huyo mwenzio mke mwenzangu au rafiki?"

Tulicheka mpaka begi likaanguka. Bibi alikuwa ndani amekaa mkekani, anasuka ukili. Chumba kina dirisha moja dogo. Mshikaji akamwomba asogee mlangoni penye mwanga. Bibi akagoma. "Mimi nakaa hapa miaka yote. Mkitaka picha yangu, nipigeni nilipo. Mkitaka picha ya mlango, pigeni mlango."

Basi tukapiga alipo. Lenzi kwenye 55, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 hapo, ISO 1600, kamera inataka 1/15. Kwa lenzi isiyo na kitulizi, mkono unahitaji 1/90, yaani mbali sana. Mshikaji alipandisha ISO hadi 6400 na bado akapata 1/60 tu. Uso wa bibi ukatoka kama umepakwa unga. Akashusha ISO, ukatoka mawingu. Flashi hakutaka kuwasha, bibi macho yanamsumbua.

Mimi kwa 1/15 nilipata picha moja ambayo hadi leo naipenda. Ukuta umetulia, uso umetulia, kila mkunjo upo mahali pake, ila vidole vinavyosuka vimekuwa kama moshi. Na hapo ndipo somo lilipo, lishike vizuri: kitulizi kinatuliza mkono wa mpiga picha, hakitulizi mkono wa anayepigwa. Bibi alipocheka tu, uso wake nao ukawa moshi.

Baadaye bibi alichoka na sisi. Akainuka kwenda kutazama kuku, akasimama kizingitini, mkono mmoja juu ya fremu ya mlango, anatazama nje. Mwanga wa alasiri ukamwangukia ubavuni. Mshikaji hakusema kitu. ISO 800, f/5.6, 1/200, akabonyeza mara moja. Lenzi isiyo na kitulizi, na ndiyo picha iliyotundikwa. Mimi sikuumia. Mwanga wa mlango hauna herufi ubavuni, na hauuzwi Kariakoo.

LINDI, USIKU WA NGOMA

Kutoka Nangurukuru unashuka kusini zaidi ya kilomita 150, korosho kushoto, korosho kulia, unavuka mto Mbwemkuru, unapita Mchinga, halafu ghafla ghuba ya Lindi inafunguka mbele yako. Vilima nyuma, maji mbele, na ng'ambo ya pili Kitunda. Ukiwa mpenzi wa maajabu, kaskazini magharibi ya hapo kuna kilima cha Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913. Jitu lake refu limesimama makumbusho Berlin hadi leo. Sisi hatukuwa na siku ya ziada, tulikuja kwa harusi.

Usiku ule uwanja ulikuwa umewashwa balbu nne. Ngoma imepamba moto, akina mama wamevaa sare, vumbi linapanda. Lenzi kwenye 35, ISO 3200, kamera inatoa 1/30. Nikapiga na kitulizi changu. Ukuta wa nyuma umetoka mkali, viti vya plastiki vikali, unasoma mpaka maandishi ya kreti la soda. Wachezaji? Mizimu! Hakuna mwenye uso. Lenzi ya mshikaji ilitoa mizimu ile ile. Hapa kitulizi ni abiria asiyelipa nauli.

Kilichookoa kazi ni flashi ya kamera, kusogea karibu hatua mbili tatu, na kuwasubiri watu wanaposimama: bibi harusi anapolishwa keki, mama anapomkumbatia, shangazi anapotunza hela. Jamaa alifanya kazi kama mtu mzima. Mama wa bibi harusi alipoziona picha kesho yake alisema, "Mwanangu, hapa umenitoa ujana." Malipo yakakamilishwa hapo hapo.

Jambo moja lililonipendeza mimi lilikuwa video. Nilipopiga bibi harusi anatembea kuja jukwaani, kwa mkono, picha yangu ilielea taratibu. Ya mshikaji ilitetemeka kama imepigwa ndani ya bajaji. Kama unapiga video nyingi za kurusha mitandaoni na huna stendi, kitulizi kinalipa deni lake lote.

SASA UNUNUE IPI?

Haya, tufike dukani. Haya hapa ni yangu, yachukue au yaache.

Kwanza, kama ndiyo unanunua kamera yako ya kwanza na tofauti ya bei ni ndogo, chukua yenye kitulizi. Utakishukuru msikitini, sokoni jioni, ndani ya nyumba za watu na kwenye video.

Pili, soma herufi kwa macho yako, usisomewe. Kwa Canon, lenzi iliyoandikwa III haina kitulizi, iliyoandikwa IS inacho. Zile kamera rahisi kabisa kama 4000D ya mwaka 2018 mara nyingi huuzwa na ya III, wakati ndugu yake 2000D hupatikana na ya IS II. Kwa Nikon ni mtego zaidi. Zile lenzi za AF-P za mwaka 2016 zipo za aina mbili zinazofanana kama pacha, moja tu ina herufi VR mwishoni. Na kwa taarifa yako, AF-P hazifokasi kabisa kwenye kamera za zamani kama D3100 na D3200. Ukiuziwa, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tatu, ukinunua ya mtumba, washa kitulizi, vuta hadi 55, bonyeza kitufe nusu huku unatazama kwenye tundu la kamera. Picha inapaswa kutulia kama imeshikwa, na utasikia mlio mdogo. Ikiruka ruka, mrudishie mwenyewe. Na ukiweka kamera kwenye stendi, kizime, hakina kazi hapo na kinakula betri.

Nne, na hili ndilo la mshikaji wangu: kama tayari unayo isiyo na kitulizi, usiiuze. Lenzi hizi zikishatumika hazina bei, utapoteza mara mbili. Weka hela yako, ongeza taratibu, nunua 50 ya f/1.8. Haina zumu, haina kitulizi, lakini inaingiza mwanga zaidi ya hatua tatu kuliko hii yetu ikiwa kwenye 55. Pale ambapo bibi alitaka 1/15, hiyo ingetoa kama 1/150. Inatuliza mkono wako na wa bibi pia, na wale akina mama wa ngoma wangerudishiwa nyuso zao.

Ndivyo alivyoamua. Lenzi yake ya III ameibakiza shingoni, vijisenti vya harusi ya Lindi vimekwenda kwenye 50, na tayari ana harusi nyingine Temeke. Mimi ya kwangu yenye IS siiachi, kwa sababu napenda majengo ya kale na sipendi kulala kwenye vumbi.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutavuka hadi Songo Mnara. Wewe huku nyuma toa kamera yako, ipeleke kwa bibi yako, na umpige picha leo. Lenzi yoyote. Msogeze mlangoni, kama atakubali.